Kokoto za South Beach

Fundi simu wa ghorofa yetu ana mikono isiyotetemeka hata anaposhika skrubu ndogo kama punje. Shamba lake Burundi lilivamiwa alipokimbia vita, naye hana hati ya shamba hilo. Nilimsimulia nilichosoma Meksiko: zamani huko, aliyepewa ardhi na mfalme wa Hispania aling'oa nyasi, akarusha mawe, akapaza sauti, ndipo ikawa yake. Tangu hapo, kila alfajiri hung'oa nyasi ufukweni South Beach, hurusha kokoto upande wa kaskazini, iliko Burundi, na kuita, "Iko yangu!"

Jana nikiwa dukani kwa fundi, dada yake alipiga simu kutoka kijijini, sauti ikasikika kote.

"Kaka, wale waliojenga shambani wamehama. Kila alfajiri mawe yalianguka juu ya mabati ya nyumba. Yamelowa, yana chumvi."

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye skrubu.

"Na bati, wameacha?"