Mpombo wa Miguu Mitatu

Mara ya kwanza nilidhani ni mbuzi wa mtu. Alikuwa anakula matembele yangu nyuma ya nyumba, upande wa kwenda Kakontwe, asubuhi, baridi ingali kali. Akainua kichwa, nikaona ni mpombo, yule swala mdogo wa porini ambaye siku hizi karibu na mji hatumwoni tena. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umekatika, na juu ya kidonda waya wa freni ya baiskeli ulikuwa bado umekaza. Alisimama kwa mitatu, akanitazama, akarudia kula. Aliyeogopa ni mimi.

Waya niliujua. Jirani yetu, mvunja mawe wa kule carrière, kwenye machimbo, anatega kwa waya za namna ile. Na kwetu iko wazi, hata kama haijaandikwa: nyama iliyotoroka na waya wako ni yako, na anayeiona anakuja kukuambia, anapewa bega. Sikwenda. Nilisema nitakwenda kesho, na kesho yake nikasema vilevile. Huruma, labda. Lakini nyama ya mitego yake nimeila mara nyingi bila kuuliza iliteseka namna gani, lazima niandike na hilo.

Wiki ya tatu kidonda kilikuwa kimekauka, na mpombo akawa anaruka matuta yangu kama vile mguu wa nne ulikuwa wa kumsumbua tu. Mchana alilala kwenye majani marefu ya kando ya uwanja. Majani hayo tunayachoma kila mwaka kiangazi kikianza, ili moto wa porini wa mwezi wa nane usipate njia ya kufika kwenye nyumba. Mwaka huu nikamwambia mume wangu tungoje kidogo.

"Mama, uko unaficha bwana mwingine mule mu majani?"

"Minamuficha. Iko na adabu kupita weye."

Alicheka sana. Jirani, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa anapita njiani, akasikia, yeye hakucheka.

"Yaya, ni ya kwenu tu haijachomwa. Upepo ikileta moto, itaanza na nyumba yangu. Na mutoto iko na siku kumi."

Ilikuwa kweli. Nyumba yake ni ya nyasi, yetu ya bati. Nilikuwa namlinda mnyama kwa kuhatarisha nyumba ya mwingine. Nikamwambia yote palepale, na waya, na mahali anapolala.

"Tangu lini unaiona?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu, yaya! Na bibi yangu alizaa, anakula mboga za majani tu!"



Jumamosi wakachoma. Mume wangu aliwasha upande wa upepo, jirani akasimama na panga pale nyama hutokea. Mimi nilishika tawi la kuzimia moto. Mpombo hakutokea pale. Alirudi nyuma, akapita katikati ya moshi, akakanyaga majivu ya moto kwa miguu yake mitatu, akapita karibu kabisa na jirani. Panga likarushwa, likachimba udongo.

"Iko na mitatu, inanishinda miye wa miwili!" jirani akapiga kelele, akacheka. Kisha akaenda kuokota panga lake.

Jioni nilimpelekea mke wa jirani kuku. Alinishukuru vizuri. Mimi nilirudi nyumbani bila kutulia, maana kuku si mpombo, na wote wawili tulijua.

Mvua ya kwanza iliponyesha nilikuta alama kwenye matuta: kwato tatu zimezama, ya nne hakuna. Nilikuwa bado nimeinama jirani aliposimama njiani.

"Yaya, ile nyama yangu bado haujaiona?"

"Bado," nikasema.

Alipokwisha kupita nilipalilia matuta yote, hata penye zile alama, pasipokuwa na magugu.