Jalada Lenye Kanisa

Miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia nchini na kila mtu akageuka mfanyabiashara, mimi nilianza kununua santuri wakati wenzangu wote wanazitupa. Watu walikuwa wamepata redio kaseti. Walimu wenzangu walikuja shuleni na kaseti kwenye mikoba na kunihurumia waziwazi. Sikujali. Nilikuwa na gramafoni ya umeme niliyoinunua kwa familia ya Waingereza waliokuwa wakifunga nyumba yao Usa River ili warudi kwao, na mashine ile ilitaka kulishwa.

Chakula chake nilikipata Ngarenaro. Palikuwa na bwana mmoja aliyepanga santuri kwenye maboksi ya sabuni, kati ya mchomelea mageti na muuza viatu vya mitumba. Wazungu wa mashamba na wa miradi walipoondoka, yeye ndiye aliyezoa vilivyobaki: mapazia, masufuria, santuri. Mimi nilizitaka za Waingereza tu, za pop na roki, zile zenye magitaa yanayolia na vijana wenye nywele hadi mabegani. Nilizipenda tangu nikiwa chuo cha ualimu, na sina sababu ya maana ya kutoa. Nilizipenda tu.

Lakini bwana yule alikuwa na tabia moja iliyonipandisha hasira. Santuri isiyo na mikwaruzo aliitia kwenye jalada safi kuliko yote, hata kama si lake, na iliyochakaa akaitia kwenye jalada lililoraruka. Kwake yeye huo ndio ulikuwa uaminifu.

"Mwalimu, nimekupangia nzuri na nzuri," aliniambia siku nilipomgombeza. "Au wewe unasikiliza makaratasi?"

Kwa hiyo nilinunua bila kujua ninachonunua. Mara mbili nilifika nyumbani Daraja Mbili nikakuta nimeuziwa masomo ya Kifaransa.

Mwaka huo baba alikuwa akikaa kwangu. Alishuka kutoka Kilimanjaro kuja kung'olewa meno ya mbele, manne ya juu na mawili ya chini, akasema atakaa siku tatu. Ikawa miezi mitano. Kila Ijumaa mama alituma mkungu wa ndizi kwa basi, na kikaratasi kimefungwa kwenye kikonyo: Baba yako anarudi lini? Kila Ijumaa baba alisema wiki ijayo.

Nilijua kinachomzuia. Tangu kabla sijazaliwa alipiga tarumbeta katika bendi ya usharika wetu. Sisi Walutheri wa mlimani hatuzikani wala hatuoani bila matarumbeta, na baba ndiye aliyekuwa tarumbeta la kwanza. Bila meno ya mbele, midomo haina pa kuegemea. Unapuliza na upepo unatoka pembeni. Akirudi, Jumapili angekaa kwenye benchi kama muumini yeyote, akiwatazama wenzake wakipiga. Hilo hakuliweza. Basi alikaa sebuleni kwangu akiutazama Mlima Meru dirishani, mkono mdomoni kuficha mapengo, na maneno yake yakapungua mpaka ikabaki sala ya chakula. Niseme ukweli, niliogopa. Nilimwona mtu akizimika taratibu ndani ya nyumba yangu, na mimi kazi yangu kumpikia mtori laini wa ndizi.

Santuri zangu aliziita kelele za wahuni. Nilizipiga akiwa ametoka kutembea, na Jumapili ilikuwa marufuku kabisa.

Basi Jumapili moja tulipotoka kanisani, wazee watatu wa usharika wa mjini walikuwa waje kumsalimia. Mimi nilikuwa jikoni. Baba akaliona juu ya rundo langu jalada nililolileta jana yake: kanisa la mawe, makaburi, miti isiyo na jani hata moja. Akajua ni nyimbo za dini. Nani angemlaumu?

"Hebu weka hii," akaniita. "Wageni waikute."

Nami kwa haraka ya chai nikausahau kabisa mtindo wa yule bwana wa Ngarenaro. Nikaweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke, nikaishusha, nikarudi kwenye maandazi yangu.

Hodi ya wageni na gitaa la kwanza vilikuja pamoja. Ngoma zikafuata, kisha kijana mmoja akaanza kupiga mayowe kama aliyekanyaga kaa la moto. Nilikimbia sebuleni na kijiko mkononi. Wazee walikuwa wamesimama mlangoni, Biblia makwapani, hawajui waingie au warudi walikotoka.

"Shikamooni wazee, karibuni sana," nikasema, huku mkono wangu ukienda kuzima.

"Acha," baba akasema.

Katikati ya kelele zile matarumbeta yalikuwa yameingia. Yalikuja taratibu, manne au matano, sauti juu ya sauti, na magitaa yote yakanyamaza kuyapisha. Nilimtazama baba. Mkono wake ulikuwa umeshuka kutoka mdomoni hadi kwenye goti, na vidole vitatu vilikuwa vinabonyeza suruali.

"Wa pili amechelewa," akasema. Kisha akasema, "Rudisha."

Nikairudisha sindano. Wazee wakakaa. Tulisikiliza kipande kile mara nne, chai ikipoa, mpaka mmoja wao akauliza kwa upole kama hao wapigaji ni Walutheri.

"Sijui," baba akajibu. "Lakini wamefundishwa."

Kesho yake akaniomba daftari. Kwa wiki tatu, kila niliporudi kutoka shuleni, tulikaa mbele ya mashine, siku ambazo mgao wa umeme ulituachia. Mimi nainua sindano na kuirudisha, yeye anaandika kwa penseli do, re, mi za kila sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Akimaliza mstari aliuimba kwa pua kuhakikisha. Alinifokea kama zamani nilipokuwa mdogo. "Umeruka! Nimesema nyuma kidogo, siyo nyuma kabisa!" Sijawahi kufurahia kufokewa namna ile. Sindano nilikuwa nayo moja tu, na kipande kile cha santuri kilianza kutatarika kama mafuta kwenye kikaango. Iliniuma, santuri yangu nzuri inakufa mbele ya macho yangu. Nikairudisha sindano.

Ijumaa ya nne mkungu ulipofika, baba alikisoma kikaratasi cha mama, akalifunga daftari kwenye mfuko wa plastiki, na asubuhi yake akapanda basi. Hakusema anakwenda kufanya nini. Baada ya hapo ndizi zilikuja bila kikaratasi.

Desemba nikapanda mlimani, kama sisi sote tunaoishi mjini. Siku ya Krismasi kanisa lilijaa hadi nje. Nilimtafuta baba kwenye mabenchi, sikumwona. Alikuwa mbele ya bendi, kijiti mkononi, na tarumbeta lake lilikuwa kwa jirani yetu fundi cherehani.

Walipiga nyimbo tunazozijua. Ulipofika wakati wa sadaka, baba akainua kijiti, na wakaanza taratibu. Niliutambua wimbo kwa noti tatu za kwanza. Waumini wakaondoka kwenye mabenchi na kwenda mbele, wamevaa mavazi yao ya sikukuu, wakitembea kwa mwendo wa wale wahuni wangu wa Uingereza. Bibi mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba huu ni wimbo wa kale wa wamisionari, aliimbiwa utotoni. Niliuma kitambaa changu cha kichwa nisicheke.

Sauti ya pili iliingia kwa wakati wake, haikuchelewa hata kidogo. Baba akageuka, akanitafuta kati ya watu wote wale. Aliponipata akacheka, mdomo wazi, mapengo yote nje mbele ya usharika mzima, na mkono haukwenda kuyafunika. Ulikuwa unaongoza bendi.