Dole Gumba la Maalim Athmani

Nilipotoka Changamwe sikuwa na hasira. Niliyorudi nayo haijaisha mpaka leo.

Ilikuwa karibu na uhuru. Chuo chetu cha Changamwe kiliteua wachache kati yetu tukawaandae wanafunzi wa sekondari kuingia vyuoni. Tulifunzwa siku tatu: kufunga tai, kujibu Wazungu bila kuinamisha kichwa, kujaza fomu. Mkufunzi akasisitiza kwamba mzazi asiyetia saini kwa herufi za Kizungu aandikwe hajui kusoma, achovye dole gumba kwenye wino. Nikanakili neno kwa neno. Mimi, mwana wa Mvita, niliyefunzwa kusoma na babu yangu kwa herufi za Kiarabu, sikuuliza kitu! Mjinga mimi.

Jumatano asubuhi nilipanda basi hadi Mikindani, nikashika njia ya miguu kwenda Jomvu Kuu, tai ikininyonga kwa joto. Nilikuwa namwendea Mwanaisha, msichana aliyetaka chuo cha ualimu. Fomu yake ilitakiwa ofisini Ijumaa, na kilichobaki ni saini ya baba.

Baada ya adhuhuri nikapiga hodi. Baba mtu, Maalim Athmani, mwalimu wa madrasa, alinikaribisha kwa kahawa na tende.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Nikampa fomu. Akachukua kalamu yake ya utete, akaandika jina lake na la babake kwa hati ya Kiarabu iliyonyooka, nzuri kuliko yangu. Nikamwambia haifai. Nikatoa fomu nyingine na kidau cha wino.

"Wanambia mimi siyui kuandika?"

"Ndiyo kanuni, maalim."

"Wallahi, nusu ya mji huu nimeisomesha mimi."

Nikakifungua kidau. Alimtazama bintiye aliyesimama mlangoni, kisha akachovya dole. Kando ya alama ile nikaandika kwa mkono wangu: hajui kusoma.

Alasiri Mwanaisha alinisindikiza hadi zinapoishia nyumba.

"Kaka, huko chuoni nami ntafunzwa kumfanyia hivi babake mtu?"

Nikaishika njia ya Mikindani.

Niliporudi Changamwe nilimweleza mkufunzi yaliyotokea. Akaikagua fomu, akasema nimeijaza vizuri sana. Nilitamani kuichana mbele yake, lakini ingekuwa nafasi ya Mwanaisha ninayoichana. Siku ile nilijifunza kwamba kanuni peke yake haimtusi mtu. Hutafuta mkono wa mtu wa kwao.

Mwanaisha alikubaliwa. Barua yake ilipokuja, nilimtuma mwenzangu aipeleke. Sikuwa na uso wa kuingia nyumba ile.