Homa ya Ini Si

Mke wangu Gaudiosa alikuwa mtu wa jembe. Ukipita shamba letu la ulezi, hapa Mollo, ungemwona yeye mbele, mimi nyuma. Pombe aliipika, hakuinywa. Alipoanza kuchoka na macho kuwa ya manjano, wateja wakamcheka.

"Mama Lydia, siku hizi unaonja mno!"

"Ningekuwa naonja, nyie mngekunywa nini?"

Akaenda hospitali mjini, peke yake. Alirudi amechangamka.

"Baba Lydia, wasiwasi umeisha. Daktari kasema homa ya ini si."

"Si nini?"

"Si ini, basi. Eti nirudi wapime tena. Wale wanapenda damu za watu."

Hakurudi. Angerudia nini, na ini siyo?

Tumbo likaanza kujaa. Kaka yake, Leonsi, akaja kutoka Kaengesa. "Hospitali wamesema si ini," akasema. "Basi hili ni la mtu."

Mtu akapatikana: Dominika, jirani yetu, aliyekuwa akisaidiana na Gaudiosa kulima tangu usichana. Mganga alimtaja, Gaudiosa akakubali. Kila alipomwona njiani alitema mate na kumwita mchawi. Mwisho Dominika akahamia kwa binti yake, huko Kizwite.

Gaudiosa akatapika damu. Hapo ndipo tukampeleka tena hospitali. Muuguzi mmoja, Jenifer, akaniketisha.

"Mzee, mama aliambiwa ana homa ya ini C. Mbona hakurudi?"

"Si aliambiwa si?"

"C, mzee. Ni herufi. Kuna A, kuna B, kuna C."

Akanieleza taratibu. Ni kirusi. Kiliingia kwa damu, labda wembe wa chale, labda sindano, zamani sana. Kikafika kwenye ini, kikaingia ndani ya chembe zake, kikazitumikisha zizae virusi vingine. Hivyo vikatoka, vikaingia chembe za pembeni. Mwili unapigana navyo, na vita yote inapiganwa ndani ya ini. Likaota kovu juu ya kovu mpaka likawa gumu, damu ikakosa pa kupita, tumbo likajaa maji. Miaka yote hiyo mtu analima tu, hasikii kitu.

"Vidonge vipo," akasema. "Angekunywa miezi michache, kirusi kingeisha. Ila mapema."

Nilimwambia Gaudiosa.

"Herufi?"

"Herufi."

"Basi Dominika nimemwonea. Kamwite."

Nikaenda Kizwite. Dominika alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua macho.

"Umekuja na mganga, Baba Lydia?"

"Gaudiosa anakuita. Hukumfanya kitu, tumejua."

"Mimi nilijua siku ileile."

Lakini alijifunga kitenge, akanifuata, akanipita kwa mwendo. Tulipofika wodini walikuwa wameshamfunika shuka.

Dominika akasimama pale mlangoni. "Aliniita lini?"

"Asubuhi."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Na mchawi kaniita mwaka mzima." Akageuka, akaenda zake.

Mazishini hakuja. Leonsi alikuja. Nilipowaeleza watu habari ya C, alinikatiza mbele ya kaburi.

"Shemeji, herufi haiui mtu."

Watu wakaitikia.