Pua ya babu pa mulango wa muzungu

Juzi kwenye tulikimbilia, mu Kimanga ya Dar es Salaam, niliona fundi anachonga simba ya jiwe, minye nikacheka peke yangu, nikakumbuka kwetu Uvira. Baba naye alikuwa fundi, ananuka vumbi ya mawe. Muzungu mumoja, Mubeleji, alimuonyesha picha ya sanamu ya Muroma wa zamani, akataka kichwa kama ile pa nyumba yake. Baba akamuchonga juu ya mulango, lakini pua akamuwekea ya babu yetu, ile pua kubwa yenye baba naye alirizi.

Uhuru ikakuja, muzungu akakimbia, kisha waasi, Wafuliiru wa kwetu, wakafika pa ile nyumba na nyundo, wakatukuta minye na baba pa mulango.

"Weye fundi, unachongea mukoloni kichwa? Tunapasua hii, kisha ya kwako!"

Nilizani kweli ni babu. Nikalia: "Musimupige babu yangu!"

Mukubwa wao akaangalia jiwe, akaangalia pua ya baba, akaona ni pua moja, akashusha nyundo.

"Jambo, mzee," akaliambia jiwe.

Ile siku Muroma alisalimiwa kama Mufuliiru mwenzetu, na minye nikarudi nyumbani pa mabega ya baba.