Dawa Iliyotegemea Visigino Vyangu

Ukiwahi kufanya kazi ghorofa ya nne ya jengo letu la maabara hapa mjini Buffalo, Marekani, utanisikia kabla hujaniona. Navaa viatu vya visigino vigumu na natembea kwa kishindo, kwa hiyo wanafunzi wangu huwa na muda wa kutosha kuficha simu zao na kushika kazi. Kwa miaka mingi nilidhani wana adabu. Marehemu mama yangu, aliyetulea kwa Kipolandi cha jikoni na makofi machache, alikuwa akisema binti huyu anakanyaga sakafu kana kwamba imemtukana.

Jina langu Marcella Dudzik, mwanabiokemia. Kazi yangu, ukiondoa vikao, ni kusikiliza umbea wa seli. Seli hazina mdomo lakini hazinyamazi: habari hugusa protini ya mlangoni, hiyo ikaigusa ya ndani, ya ndani ikaigusa ya ndani zaidi, mpaka ifike kwenye kiini na seli iamue kugawanyika, kupigana au kufa. Saratani ni seli iliyojifunza kudanganya katika umbea huo. Huziambia seli za kinga kwamba hapa ni salama, nendeni mkalale, nazo, wajinga wale, huenda kulala. Ujana wangu wote uliishia katika kutafuta namna ya kuziamsha. Ndoa yangu nayo iliishia humo humo, ila hiyo sikuiandikia makala.

Katika kutafuta nikapata. Tulikuwa na dawa moja, unga mweupe usio na jina ila namba. Ukiitia kwenye visahani vyenye seli za kinga zilizolala, protini moja ya ndani inawaka, na seli zinaamka na kuanza kuitafuna saratani. Nikaandika, nikasifiwa, nikaalikwa kwenye makongamano na kuwekewa chupa ya maji karibu na kipaza sauti. Nikaanza kusema "dawa yangu", ingawa walioitengeneza ni watu wengine kabisa. Kusema kweli nilikuwa sivumiliki. Mdogo wangu Norbert, dereva wa greda la kuondoa theluji la manispaa, alinipa cheo cha Mtakatifu Marcella wa Seli.

Norbert ndiye aliyeugua. Ilikuwa saratani ya ngozi iliyoanzia begani, ikatambaa hadi mapafuni kabla hajamwonyesha mtu, maana wanaume wa ukoo wetu humwona daktari wakiwa wamebebwa. Dawa za kawaida zilimsaidia kidogo, kisha zikachoka. Ikabaki milango miwili. Wa kwanza ni majaribio ya dawa yangu kwa wagonjwa, yaliyokuwa yaanze baada ya theluji kuyeyuka. Madaktari ndio wangeyaendesha, mimi nisingeruhusiwa hata kuchungulia. Wa pili ni majaribio mengine kule mjini Cleveland, ya watu ambao nimewapinga makongamanoni mpaka sauti ikanikauka. Mgonjwa hawezi kuingia yote mawili, na Cleveland walitaka jibu kabla ya Ijumaa.

"Mimi nakusubiri wewe, dada," Norbert aliniambia Jumapili hiyo, mbele ya runinga, timu ya mji wetu ikifungwa kama ilivyo desturi yake. "Nikienda kwa maadui zako, Krismasi utanilisha nini?"

Sikumwambia asubiri. Lakini sikumwambia aende pia, na nilipofika nyumbani nililia kidogo kwa furaha, nikijiona nimezaliwa ili nimwokoe mdogo wangu. Nikikumbuka machozi yale natamani kujificha kabatini.

Kesho yake akaja Everett Pomeroy. Tulisoma pamoja shahada ya uzamivu, naye sasa ana maabara yake Minnesota. Mwaka mzima alikuwa akinipigia simu kwamba jaribio langu kwake halitoi matokeo, nami nikimjibu kwa upole wa mtu mwenye hakika: labda maji yenu, labda seli zenu, labda mikono yenu. Mwishowe akasema anakuja tufanye bega kwa bega. Nilifurahi. Nilipanga kumtambia kwanza, halafu nimpeleke kula mabawa ya kuku.

Tukafanya. Seli za chupa moja, dawa ya kichupa kimoja, kabati moja la joto. Jioni visahani vyangu viliwaka, vyake vikabaki giza. Nikampa pole. Jumanne tukarudia, tukabadilishana hata makoti, na mambo yakawa yale yale. Nikampa pole tena, na nilikuwa nimeanza kuionea utamu.

Jumatano Everett hakushika kitu. Alikaa kunitazama kama mama mkwe aliyekuja kukagua jikoni. Nilitia dawa, nikabeba trei ya visahani, nikashika njia kuelekea chumba chenye mashine ya kupimia, ambacho kiko mwisho kabisa wa korido ndefu. Yeye nyuma yangu. Tuliporudi aliniuliza kama siku zote nabeba kwa mikono. Nikamwambia ndiyo, toroli ni la wavivu. Akasema mgongo wake haumruhusu kubeba. Kwao na hapa amekuwa akisukuma toroli.

Tukatazamana.

"Marcella," alisema, "hebu rudia, lakini utembee polepole."

"Polepole vipi?"

"Kama binadamu."

Nilitia dawa kwenye visahani vipya, nikavua viatu, nikanyata korido yote kwa soksi. Wanafunzi walitoa vichwa milangoni wakadhani kuna msiba. Tulipopima, visahani vyangu vilikuwa giza tupu. Kisha Everett, pamoja na mgongo wake mbovu, akashika trei yake na kuipiga korido kwa kishindo, akiniiga mpaka mtikiso wa kiuno, na kutoka chumba cha pili nikasikia droo ikifungwa haraka, mwanafunzi akificha simu. Vyake vikawaka.

Dawa peke yake haikuwa imeamsha kitu. Mtikiso peke yake pia haukuwa umeamsha kitu, ndiyo maana visahani nilivyovibeba bila dawa havikuwahi kunishtua. Vilikuwa vinahitajiana. Hata wale panya wa maabara tuliowahi kuwaponya walidungwa seli zilizokwisha kuamshwa kwenye visahani hivyo hivyo. Ningepewa mgonjwa, ingebidi nimfunge kwenye trei nikimbie naye. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, Everett naye akacheka, halafu nikamkumbuka Norbert.

Everett aliniambia nisiseme kitu kwanza. Turudie, warudie na wengine, wiki kadhaa, ndipo tuzungumze. Alikuwa sahihi. Katika kazi yetu jambo lisilorudiwa halijatokea; nimewahubiria wanafunzi hivyo mpaka wakaniigiza kwenye sherehe zao. Ila safari hii sheria ilinipendelea mno. Nikiifuata, Ijumaa ingepita, Norbert angebaki kwangu, nami ningebaki mtakatifu kwa wiki chache zaidi. Niliogopa jinsi wazo hilo lilivyonistarehesha.

Alhamisi mchana nikamfuata kwenye yadi ya manispaa. Alikuwa ndani ya greda anakula mkate na soseji. Nikapanda, nikakaa pembeni yake, nikaanza kumweleza kwamba matokeo ya awali yanaashiria uwezekano wa kuwepo kwa sababu nyingine.

"Dada, sema lugha ya watu."

"Dawa haifanyi kazi. Ilikuwa ni miguu yangu."

Aliendelea kutafuna. Nikamweleza yote, korido, toroli, soksi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, hakika yenyewe itachukua wiki kadhaa.

"Na mapafu haya yangekuwa yako?"

"Nisingesubiri," nikasema. "Ningekwenda Cleveland leo. Nenda, Norbert. Tafadhali."

Alitazama nje ya kioo, kwenye marundo ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, ningemsaidia hata maneno. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, kile kikohozi ambacho nikikisikia nakufa mimi kwanza. Kilipomwachia alijifuta mdomo, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akachukua simu na kupiga Cleveland kabla sijashuka.

Niliwaandikia madaktari, wakasimamisha maandalizi ya majaribio yangu. Makala yangu nikaomba iondolewe. Mimi na Everett tunaandika nyingine, ya seli zinazotikiswa, na mpaka sasa hakuna aliyeniwekea chupa ya maji kwa ajili yake.

Siku ya dozi ya kwanza nilimwendesha Norbert mwenyewe. Yeye na mkewe walishaachana, na mimi nilikuwa nimepata nafasi nyingi kwenye ratiba. Nesi kijana aitwaye Ardith alitukaribisha chumbani, na Norbert akanitambulisha kuwa ni dada yake, basi, hakuongeza neno. Ardith akachukua karatasi, akachora duara na vijidoti. "Hizi ni seli za kinga, mama," aliniambia. "Wewe fikiria ni walinzi waliosinzia."

Aliichora protini ya mlangoni upande usio wake. Nilihisi mkono wangu unanyanyuka wenyewe kwenda kusahihisha, na hapo buti la Norbert likatua juu ya mguu wangu.

"Mweleze taratibu," alimwambia nesi. "Dada yangu mambo ya sayansi humchanganya."

Ardith akanionea huruma. Alirudia yote kwa utaratibu zaidi, amenishika mkono, nami nikaitikia kwa kichwa kila mstari. Nilikuwa nimekasirika kidogo, halafu sikuwa nimekasirika tena. Akauliza kama nina swali. Maishani sijawahi kukosa swali. Nimewaliza watu wazima kwenye mitihani yao ya uzamivu kwa maswali. Nikatafuta kichwani, nikakuta limebaki moja tu, lile ambalo ndugu za wagonjwa huniuliza baada ya mihadhara, nami huwajibu kwa kuwaonyesha mchoro wa takwimu.

"Atapona?"

Ardith hakuitazama karatasi yake.

"Hatujui, mama," alisema. "Wewe kaa naye tu."

Norbert alikuwa ameshakunja mkono wa shati kusubiri sindano. Nikavuta kiti, nikakaa.