Niliwaambia Bia Hutoka kwa Jasho

Admin, nifichie jina, maana wanafunzi wangu wa zamani wamejaa kwenye ukurasa huu. Nina miaka hamsini na saba, mwalimu wa baiolojia hapa Kibaha na kiongozi wa kikundi chetu cha jogging. Wengi wetu tumevuka arobaini. Kila Jumamosi asubuhi tunakimbia, kisha tunakaa kwenye supu na bia.

Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba bia haimdhuru anayekimbia, inatoka kwa jasho. Nilieleza kama niko darasani, wakaniamini. Mama Neema, mwenye miaka arobaini na tisa, hakuwa mnywaji kabla ya kujiunga nasi. Mume wake alinifuata kuniuliza kama bia haitamdhuru, nikamjibu, "Baba Neema, huyu anapanda vilima vya Kisarawe bila kusimama. Chupa tatu zitamfanya nini?"

Mwezi uliopita, tulipomaliza kukimbia huko Kisarawe, Mama Neema alishika kifua. "Mwalimu, moyo unadunda, unanyamaza, halafu unadunda tena." Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo. Kweli yalikuwa yanaruka. Wenzetu wakamtania, "Mama, umezeeka, hamia kwenye bao!" Nikacheka nao. Nikamwambia ni uchovu, anywe moja baridi.

Wiki mbili baadaye mapigo hayo ya kuruka yakanianza mimi, nikiandika ubaoni. Chaki ilinidondoka. Daktari alinipima, akauliza nakunywa kiasi gani. Nikamwambia nakimbia kila wiki.

"Mwalimu, sijakuuliza hilo."

Akanieleza taratibu. Pombe karibu yote huvunjwa na ini, jasho hutoa kiasi kidogo mno. Tena pombe inaweza kuuharibu moyo huku miguu ikiwa bado na nguvu, ndiyo maana mtu hajishtukii. Amenikataza kunywa, na kukimbia nisubiri vipimo vingine.

Kikundini nimesema nimeteguka mguu. Ndugu zangu, naogopa hata kulala, nawaza kama nitaamka. Lakini jana Mama Neema ameniandikia: "Mwalimu, moyo bado unarukaruka, ila Jumamosi napanda kilima na wenzangu. Si ulisema ni uchovu tu?"

Nimeandika jibu mara nne, nikalifuta. Nikisema ukweli, mume wake atajua nilimhakikishia kitu nisichokijua, na wanakikundi wote thelathini watajua niliwapotosha. Nikinyamaza, naweza kumzika.

Nishaurini, nianze na yeye au na mume wake, na nianzeje? Jumamosi ni keshokutwa.